Mama Alililia Jina Langu

Katika vitabu vya komine, ofisi ya serikali hapa Kindu, mimi ni mfu. Nilikufa wakati wa vita, nikazikwa nyuma ya reli, na mama yangu akanililia siku tatu. Aliyeandika kifo changu alinijua vizuri, alikuwa akinipigia makofi kila Jumapili. Naandika haya nikiwa mzima, nimekaa kwenye kiti cha plastiki, goti la kulia limefungwa kitambaa, na nina hasira. Kama unatafuta maneno ya mchezaji mzee anayemshukuru Mungu na makocha wake, funga hapa, tafuta mwingine.

Majina sitaandika, hata langu. Si woga. Mambo yetu yote yaliharibika kwa sababu ya majina, utaona mwenyewe. Lakini wenye makosa nitawataja kwa kazi zao na kwa matendo yao, na hapa Kindu hiyo inatosha. Mwanamke anayeuza samaki bandarini akisikia "prezida wa timu", hatauliza ni yupi. Shule niliiacha mwaka wa pili wa sekondari, kwa hiyo usinitafutie makosa ya kuandika. Tafuta makosa yao.

Baba yetu alikuwa mtu wa reli. Alikuja na treni kutoka Kasai, akaoa hapa, akabaki. Tulizaliwa wanaume wawili, mimi kwanza, na mdogo wangu miaka mitano nyuma yangu. Baba alikufa kwa homa kabla vita haijafika, na vita ilipofika treni zikasimama. Mabehewa yalibaki pale stesheni yakila kutu, majani yakaota katikati ya magurudumu. Watu wengine waliona mabehewa yaliyokufa. Sisi wawili tulipata ukuta.

Mdogo wangu hakuwa mchezaji. Miguu yake ilikuwa myembamba kama ya mbuzi mgonjwa, ndivyo nilivyomtania. Yeye alitaka kuwa mwalimu. Lakini kila asubuhi kabla ya shule alisimama nami kando ya behewa moja la mizigo, akautupa mpira kwenye chuma, na kazi yangu ilikuwa kuupiga ukirudi, usiguse chini. Chuma kile kilikuwa na mikunjo. Mpira ulirudi ulivyotaka, mara usoni, mara gotini, mara nyuma ya kisigino.

"Wewe tupa vizuri!" nilimfokea.

"Nimetupa vizuri, yaya. Behewa njo imekataa."

Yaya ndivyo mdogo anavyomwita mkubwa wake kwetu, na njo yetu ni ndiyo yenu. Alinitupia hivyo miaka minne. Mabeki wa mji huu, na baadaye mabeki wa Ulaya, hawakuwahi kujua mpira ungetoka mguuni mwangu lini, kwa sababu mimi sikufundishwa na kocha. Nilifundishwa na behewa bovu na mkono wa mdogo wangu.

Sasa nije kwa prezida wa timu. Huyu alikuwa mnunuzi wa madini. Wachimbaji wa migodi ya Kampene na Kama walimletea mifuko, ndege za mizigo zikaja kuibeba, na yeyote aliyeshika bunduki mjini alikula mezani kwake. Alitaka timu icheze hata vita ikiwa mlangoni, kwa sababu askari walipenda mpira wa Jumapili, na askari wakifurahi mifuko inapita. Siku moja mchana aliniita kwenye baraza ya nyumba yake. Pembeni alikaa sekretere wa timu, mtu mpole, mwenye kalamu mfukoni. Siku za kazi huyo alikuwa karani wa komine, katika ofisi ile wanakoandika waliozaliwa na waliokufa.

"Shampio, bingwa yangu," prezida akasema, "kule Ubelgiji iko muntu anatafuta mushambuliaji. Nimemuambia iko moja hapa. Uko na miaka ngapi?"

"Makumi mbili na ine, prezida."

Akacheka, akamgeukia sekretere. "Unasikia? Makumi mbili na ine! Ulaya hawanunui muzee."

Kukata miaka hakukuwa jambo la ajabu. Wachezaji wote walikata. Tulikuwa na beki mwenye watoto watatu, na katika karatasi alikuwa na miaka kumi na minane, hakuna aliyeshangaa. Lakini wao walijiandikia karatasi mpya, na prezida alisema karatasi mpya inanuka wino. Wazungu wangeandika barua parokiani kuuliza. Alitaka karatasi ya kweli, ya zamani, ambayo mwenye jina yumo katika kitabu cha padri.

"Uko na mudogo," akasema. Hakuuliza.

Hapo ndipo kosa letu lilipo, na silikwepi. Mama alifungua mkebe wa biskuti alimohifadhi vitu vya baba, akatoa cheti cha ubatizo cha mdogo wangu. Mdogo wangu mwenyewe akaleta kadi yake ya shule. Alikuja nayo akicheka, akasimama mbele yangu kifua mbele.

"Sasa mimi njo mukubwa," akasema. "Niamkie na heshima, ee mutoto."

"Nitakupiga."

"Muntu hapigi yaya yake."

Mama alicheka mpaka akajifuta macho na kitenge. Tulidhani tunaazimana shati.

Karatasi zangu mimi zilitakiwa zibaki kwa mdogo wangu, apate kitu cha kuonyesha njiani. Prezida akazichukua. "Hizi nitazifungia ndani ya sanduku yangu ya chuma," akasema. "Muntu akizikuta, safari imekufa. Mudogo yako tutamutengenezea zingine wiki ijayo." Nikaondoka na ndege ya mizigo, nimekaa juu ya mifuko ya madini, magoti kifuani, na jina la mdogo wangu mfukoni. Hiyo wiki ijayo haijafika mpaka leo.

Ulaya nilikocheza ni mji mdogo wenye kiwanda cha sukari. Majira ya kuvuna mji wote ulinuka kama mboga iliyochacha. Baridi niliikuta, theluji niliikuta, ubaguzi niliukuta, na hayo wameandika wengi, mimi sina haja. Ninachotaka kueleza ni kipaza sauti. Mchezo wa kwanza, mpira ulirudi kutoka kwenye mlingoti wa goli, umepinda, kama ule wa behewani kabisa, nami nikaupiga kabla haujagusa chini. Ukaingia. Mtu wa kipaza sauti akaita nusu ya jina la mdogo wangu, na uwanja mzima ukamjibu nusu ya pili. Mara tatu. Nilisimama pale nikicheka peke yangu. Nilifikiri, huyu mwenye miguu ya mbuzi, laiti angesikia!

Simu mjini kwetu ilikuwa moja ya kuaminika, ya satelaiti, na ilikuwa ofisini kwa prezida. Mama na mdogo wangu walikuja pale Jumatatu, wakasubiri nipige. Mdogo wangu hakuniuliza habari yangu. Aliuliza, "Wiki hii nimefunga magoli ngapi?"

"Mawili."

"Na muguu gani?"

"Kulia. Na kichwa."

"Nilijua tu. Mimi niko mukali."

Halafu, sauti ikishuka kwa sababu prezida alikuwa amekaa palepale, "Yaya, waambie wanipe karatasi." Nilimwambia prezida. Prezida akasema ndiyo, ndiyo, muhuri umepelekwa Goma. Mdogo wangu akaenda kwa sekretere mara tatu. Mara ya kwanza picha hakuna. Mara ya pili muhuri haujarudi. Mara ya tatu sekretere alimwambia asimsumbue kila siku kama mwanamke anayedai mume. Mpole yule, mwenye kalamu.

Kisha wapiganaji wa msituni wakauzunguka mji. Waliokuwa hapa wanajua. Mchele uliisha, na huu ni mji wa mchele. Kwenda shambani ilikuwa kwenda kufa, kubaki nyumbani ilikuwa kufa polepole. Mama alikuwa amevimba miguu. Asubuhi moja mdogo wangu akashuka bandarini atafute mtumbwi wa kuvuka mpaka Alunguli, alikuwa amesikia kuna sombe, majani ya muhogo, ng'ambo. Pale mtoni askari wa waasi, wale walioushika mji, waliweka kamba. Kila kijana aonyeshe kadi. Kijana asiye na kadi ni mtu wa msituni.

Yeye alisema ukweli. Alisema kadi yake iko Ulaya.

Walicheka, hivyo nilisimuliwa na mwenye mtumbwi. Kisha wakampiga risasi palepale, miguu majini. Kamanda aliyewapa amri ya kamba ile alikuwa analala katika nyumba ya wageni ya prezida wa timu na kunywa chai yake. Na sanduku la chuma lenye karatasi zangu, ambazo zingemvusha mdogo wangu kama angekuwa nazo mkononi, lilikuwa ukuta mmoja na kitanda cha kamanda.

Mama alimleta nyumbani kwa toroli la kubebea matofali, yeye na majirani wawili. Kabla jeneza halijapigiliwa misumari, prezida alifika, na sekretere nyuma yake, na kitabu kikubwa kwapani. Mama hajanificha neno hata moja.

"Mama," prezida akasema, "ulikuwa na batoto wawili. Moja amekufa. Unataka na ule mwingine afe?"

"Namna gani, baba?"

"Ile jina ikililiwa hapa, Ulaya watasikia. Watasema muntu wenu amekufa, huyu anacheza hapa ni nani? Watamutia ndani ya gereza. Lia, mama, hakuna anakukataza kulia. Lakini lia jina ya mukubwa."

Kisha akatoa karatasi zangu. Zile zile. Mtu alizililia mwaka mzima akiwa hai, hazikutoka. Alipokufa zilitoka siku ileile. Sekretere akafungua kitabu juu ya meza tuliyokuwa tukilia chakula, akaandika kwamba mimi nimekufa. Prezida akatia sahihi kama mleta habari.

Kwetu mtu haendi kaburini kimya. Mama yake anamwita jina, anamuuliza kwa nini umeniacha, anamtuma kwa waliotangulia, awasalimie mmoja mmoja. Bila jina, unamtuma nani? Mama alililia jina langu mimi mzima, mikono yake ikiwa juu ya kifua cha mdogo wangu. Kila alipojisahau na jina la kweli likamtoka, sekretere, aliyekaa nyuma yake siku zote tatu, alimminya bega. "Mama, hapana ile jina." Na wanawake wa avenyu, yaani mtaa wetu, waliomwosha maiti, waliomjua tangu ana meno mawili, wakaimba jina langu pamoja naye. Walijua. Wote walijua. Walijiambia wananiokoa. Sijawasamehe vizuri mpaka leo, ingawa ninawaamkia asubuhi.

Mimi nilipigiwa na prezida mwenyewe. "Mutoto yangu, usilie mbele ya watu," alisema. "Wewe njo ule muzima." Jumamosi nikacheza. Ndiyo, nilicheza, niandike na hilo. Ningeweza kumwambia kocha, ningeweza kupanda ndege. Niliogopa gereza, na niliogopa zaidi kurudi kwenye mji ule wenye njaa. Nikafunga goli dakika ya kumi. Mtu wa kipaza sauti akaita nusu ya jina la maiti, na maelfu ya watu wakamalizia nusu ya pili, kwa furaha. Nikaziba masikio kwa mikono miwili, nikakimbia mpaka kwenye bendera ya kona.

Wakadhani ni mtindo wangu. Gazeti la kule likatoa picha. Watoto wa mji ule wakaanza kuiga, wakifunga goli wanaziba masikio na kukimbilia kona. Nilicheza misimu sita mingine hivyo. Magoli yote yako chini ya jina lake. Sitaki hata moja.

Goti lilivunjika, nikarudi. Mama alinipokea bandarini, akanishika uso, hakuniita. Tangu siku zile tatu hakuwahi kutamka jina langu wala la mdogo wangu. Mimi nilikuwa "wewe". Nilikuwa "ule". Nikapewa timu ya vijana kwenye uwanja wa zamani wa reli, na leseni ya ukocha yenye jina la mdogo wangu, na mji mzima ukaniita jina hilo na mimi nikaitika. Miaka ikapita hivyo, aibu ikawa kama kiatu kinachobana, unakivaa tu.

Mwaka huu mama aliacha kula. Alikula vijiko viwili vya uji, akasukuma sahani. Nikadhani ni ugonjwa.

"Si ugonjwa," akasema. "Niko karibu kwenda. Nikifika, ataniuliza: mama, ile siku ulililia nani? Nitamujibu nini?"

Nikamsogezea sahani tena.

"Nipe matanga ya mutoto yangu," akasema. "Kwa jina yake. Halafu nitakula ao nitakufa, itakuwa sawa."

Kesho yake nikaenda komine. Nilitaka mambo yaende kwa sheria, maandiko yafutwe, kisha ndipo tulie. Karani wa sasa ni binti mwenye kucha nyekundu, ana adabu. Alitafuta kitabu cha miaka ya vita, akapuliza vumbi, akaweka kidole.

"Huyu ni mufu," akasema. "Wewe ni nani kwake?"

"Ni mimi huyo."

Akanitazama kutoka kichwani mpaka miguuni. "Baba, mufu haleti ombi."

"Nani analeta?"

"Ule alileta habari ya kifo. Aje aseme alikosea."

Kwa hiyo nikaenda kwa prezida. Sasa anaitwa mheshimiwa, ana geti la chuma na mbwa wawili. Nilimkuta anakula papai. Akafurahi kuniona, akaniita shampio. Nikamweleza maneno ya mama yangu yote, polepole, kwa heshima. Nilikuwa na heshima, kweli nilikuwa nayo.

"Ile mambo ya vita," akasema. "Kila muntu alifanya kitu."

"Mimi naomba moja tu. Saini."

"Nikiweka saini, nimesema mimi ni mwongo. Na wewe njo mwizi wa jina. Leseni yako itaenda, timu itaenda. Utafundisha nani? Kuku?" Akacheka na papai mdomoni. "Si uliona Ulaya? Si ulikula? Bila mimi ungekuwa unalima muchele."

"Na mdogo wangu angekuwa mwalimu."

Akafuta papai mdomoni. Kisha akasema jambo ambalo nitakufa nalo. "Mudogo yako alikuwa na kinywa mingi. Angesema tu kwamba amesahau kadi nyumbani."

Kwa hiyo alijua. Alijua maneno yaliyosemwa mtoni, neno kwa neno. Kamanda alimsimulia kwenye chai, na yeye akachukua kitabu na sekretere akaja kwetu kumfundisha mama yangu kulia. Nilisimama. Goti likagonga meza, sahani ya papai ikaanguka, sikuiokota.

Sikurudi komine. Nilipita sokoni, nikanunua kopo la rangi nyeupe na brashi. Kisha nikapita avenyu yetu nyumba kwa nyumba. Kila mlango nikasema neno moja: Jumamosi asubuhi, matanga, na jina ni lile. Hakuna aliyeuliza lipi. Mwanamke mmoja aliyemwosha mdogo wangu alikaa chini mlangoni kwake, mkono mdomoni, kama mtu aliyeambiwa leo.

Jumamosi walikuja wote. Walileta viti, mchele, sombe, kuni. Mama tulimkalisha kwenye mkeka kandokando ya kaburi, nami nilikuwa nimeshafuta jina langu msalabani na kuandika lake. Mkono wangu mbaya, herufi zinapanda na kushuka, lakini zinasomeka. Kabla mama hajaanza, tukaona sekretere anakuja, na fimbo, macho yamemwisha. Sikumwita. Vijana wa timu yangu walitaka kumfukuza. Mama akawazuia.

"Mulete hapa," akasema. "Akae nyuma yangu, kama ile siku."

Akakaa.

"Sasa sema jina."

Akalisema kwa sauti ya chini.

"Sema na nguvu! Ulikuwa na nguvu ya kuniminya bega."

Yule mzee akalitamka kwa nguvu, mara moja, akavunjika sauti. Ndipo mama akaanza. Aliliita jina lile kana kwamba limekaa kooni miaka yote likimsubiri. Akamuuliza kwa nini alishuka mtoni, akamwambia sombe haikuwa na haraka, akamtuma amsalimie baba yetu. Wanawake wakampokea, na safari hii sauti zao hazikuwa na kigugumizi. Mimi nililia chini kabisa, uso kwenye udongo, bila kuziba masikio.

Ilipofika saa sita, jua kali, mama akainua kichwa. Akatafuta kwa macho, akaniona, akaniita. Jina langu. La kwangu, la kuzaliwa, mbele ya watu wote.

"Unalala pale nini?" akasema. "Watu wako na kiu. Leta maji."

Nikaenda kuleta maji.

Wiki iliyofuata barua ya ligi ilifika. Leseni imefutwa, timu amepewa mwingine, kwa sababu mwenye jina lile amethibitishwa kuwa amefariki. Nimecheka. Komine ninabaki mfu, ligi inasema si mimi, kwa hiyo kwa serikali na kwa mpira hakuna mtu hapa. Mheshimiwa anaeneza habari kwamba Ulaya iliniharibu kichwa. Mama anakula, nusu sahani.

Nasikia pia kwamba mheshimiwa ametuma watu waulize ni nani aliyegusa msalaba. Wasisumbuke kuuliza. Kaburi liko nyuma ya reli, mstari wa tatu, usawa wa behewa lile. Waje wafute. Rangi imebaki nusu kopo, na mkono wangu sasa umezoea herufi zile.